Ndege ndogo inayovuta bango katika anga la Dodoma: dalili za hatari, chanzo chake na hatua za kuchukua

Kuvuta bango la tangazo kwa ndege ni kazi inayoonekana nyepesi kwa mtu aliye chini, kwa kuwa ndege huenda polepole, huuzunguka uwanja wa michezo mara chache, kisha hurudi ilikotoka. Kwa rubani, kazi hiyo humweka muda wote katika hali ambazo mafunzo ya kawaida ya urubani humfundisha kuzikwepa: mwendo mdogo, injini inayotumia nguvu kubwa, kimo kidogo kutoka ardhini, na mzigo uliofungwa mkiani ambao hawezi kuuona kutoka kwenye kiti chake.

Njia iliyozoeleka ni kuruka kwanza bila bango. Ndege ikishakuwa hewani, rubani hushusha kamba yenye ndoano ya makucha, hushuka hadi karibu na ardhi, na kupita juu ya milingoti miwili ambayo kitanzi cha kamba ya bango kimetundikwa juu yake. Anapoifikia milingoti huongeza nguvu yote na kuinua pua, ndoano hukamata kitanzi, na bango lililolazwa ardhini hubanduka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utaratibu huu ulikomaa katika fukwe za Marekani, kama zile za Florida na New Jersey, ambako ardhi iko usawa wa bahari na ndege hufanya kazi kandokando ya maji. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu futi 3,700, nao umezungukwa na mji. Kwa hiyo dalili nyingi ambazo rubani aliyejifunza pwani angeziita hitilafu za injini au kasoro za bango, hapa chanzo chake ni hewa yenyewe.

Ndege imenyakua bango lakini haipandi

Dalili ni hizi: nguvu yote imewekwa, mshale wa kipimo cha mwendo uko mahali pake, lakini kimo kinaongezeka kidogo mno au hakiongezeki kabisa, na miti iliyo mbele inaendelea kuwa usawa wa macho.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni wembamba wa hewa. Hesabu yake haihitaji chombo maalumu. Katika kimo cha Dodoma, joto la angahewa sanifu, yaani hewa ya kipimo ambayo marubani huitumia kulinganishia, ni nyuzi 8 hivi za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo huongeza takribani futi 120 kwenye kimo ambacho injini na mabawa vinakihisi. Mchana wa Oktoba au Novemba wenye nyuzi 30, ndege iliyosimama Dodoma iko katika hewa nyepesi kama ile ya futi 6,300. Asubuhi yenye nyuzi 18, hewa hiyo hiyo ni kama ya futi 4,900. Dar es Salaam, kwa nyuzi 30 zile zile, ni kama futi 1,800 tu.

Injini ya pistoni isiyo na mtambo wa kusukumia hewa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Hivyo injini ya nguvu za farasi 150, ambayo ndiyo inayoonekana mara nyingi kwenye ndege za kazi hii kama Piper Super Cub, mchana wa Dodoma hubaki na nguvu za farasi 120 hivi. Rafadha, yaani panga linalozungushwa na injini, nayo hushika hewa kwa udhaifu zaidi. Kwa kuwa ukinzani wa bango hula sehemu kubwa ya nguvu, upungufu huo wote hukatwa kwenye kile kidogo kilichokuwa kimebaki kwa ajili ya kupanda. Ndege ambayo pwani ingepanda na bango la herufi thelathini huenda hapa isiweze kuzipandisha ishirini.

Chanzo cha pili ni mchanganyiko wa mafuta na hewa uliozidi mafuta. Rubani aliyezoea kuruka usawa wa bahari huacha mkono wa mchanganyiko umesukumwa wote ndani, na kwa kimo hiki injini humezeshwa petroli kuliko hewa iliyopo. Mchanganyiko unapaswa kurekebishwa kabla ya kuruka, kwa kufuata kitabu cha ndege husika, hadi injini ifikie mizunguko yake ya juu kabisa. Chanzo cha tatu ni flapu, yaani vibawa vinavyoshushwa nyuma ya mabawa, zilizosahaulika chini baada ya kunyakua.

Hatua ya kuchukua: ikiwa ndege haijaonyesha kupanda kwa uhakika kabla ya kufika alama iliyochaguliwa ardhini, bango liachiwe hapo hapo. Alama hiyo lazima ichaguliwe kabla ya kuruka, iwe mti, jengo au mwisho wa uzio, na itamkwe kwa sauti mbele ya wasaidizi. Nasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika muongozo huu, kwa sababu bango ni ghali, mteja anatazama, na akili ya binadamu aliye katika shida hutafuta sekunde tano zaidi za kungoja. Mtu asiyekwisha kuamua akiwa chini hataamua akiwa futi mia moja juu.

Pua imeinuka, usukani umelegea mkononi

Hii ndiyo dalili inayoua. Hutokea sekunde chache baada ya kunyakua: pua iko juu, mwendo unashuka, usukani unakuwa mlaini, na ndege huanza kutetemeka au kutaka kuangusha bawa moja. Maana yake ni kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kunyanyua, na katika kimo cha futi mia mbili hakuna nafasi ya kuitoa ndege kwenye mzunguko wa kuanguka.

Ili kuelewa chanzo, tuangalie mpangilio wa matukio. Rubani huinua pua kwa nguvu ili ndoano iwe chini na ikamate kitanzi. Kwa muda mfupi ndege hupanda vizuri, kwa sababu bango bado liko chini na kinachovutwa ni kamba tu. Kisha bango hubanduka, na ukinzani wake wote huiangukia ndege wakati pua ingali juu na mwendo unapungua. Rubani aliyeshusha pua mapema, mara tu baada ya kupita milingoti, huupokea mzigo akiwa na mwendo. Aliyeendelea kuning'inia na pua juu huupokea akiwa hana kitu.

Dodoma huongeza mtego mwingine juu ya huo. Katika hewa ya futi 6,300, ndege inayosoma mwendo ule ule kwenye kipimo inakwenda kwa kasi halisi iliyozidi ile ya usawa wa bahari kwa takribani asilimia 10. Ardhi inaonekana kukimbia, na macho humdanganya rubani kwamba ana mwendo wa kutosha, hata akavuta usukani zaidi. Kasi hiyo pia huongeza mshtuko wa kamba wakati ndoano inapokamata, kwa kuwa nishati huongezeka kwa mraba wa kasi, yaani zaidi ya asilimia 20. Upana wa duara la kugeukia nao hupanuka kwa kiasi hicho hicho.

Kuna makosa mawili ambayo huanzisha hali hii hata kwa rubani mzoefu. La kwanza ni kugeuza shingo kutazama nyuma kama bango limenyakuliwa. Kazi hiyo ni ya msaidizi wa ardhini mwenye redio, ambaye husema neno moja lililokubaliwa, "limeshika" au "halijashika", na rubani hubaki akitazama mbele. La pili ni kugeuka mapema. Kulaza ndege ubavu kwa pembe ya nyuzi 30 huongeza mwendo wa chini unaohitajika kwa takribani asilimia 7. Nyuzi 45 huuongeza kwa asilimia 19, na nyuzi 60 kwa asilimia 41. Kwa maoni yangu, mtu anayevuta bango juu ya Dodoma hana sababu ya kuzidi nyuzi 20, na kona ya kwanza ingoje hadi ndege iwe imefika angalau futi 500.

Hatua: shusha pua kwanza, bila kujali ardhi inaonekana karibu kiasi gani, na wakati huo huo vuta kifyatulio, yaani chombo kinachoiachia kamba ya bango. Injini ikizimika ghafla wakati wa kuvuta, mpangilio ni huo huo, kwa kuwa bango huimeza kasi yote ndani ya sekunde chache. Kisha utue mbele yako, wala usijaribu kurudi uwanjani.

Ndoano imekosa kitanzi, au imenasa mahali pasipo pake

Kukosa kitanzi si hatari kwenyewe. Chanzo huwa kimo kikubwa wakati wa kupita, kuinua pua kwa kuchelewa, au upepo wa ubavuni uliosukuma ndoano kando. Rubani apande kawaida, azunguke, na kujaribu tena bila haraka. Ikiwa amekosa mara tatu, ni busara atue na kupumzika, maana kila jaribio humfanya apite chini zaidi kuliko lililotangulia.

Kunasa ni jambo jingine. Kamba inaporushwa nje ya dirisha inaweza kujizungusha kwenye gurudumu, kwenye nguzo ya bawa, au, vibaya zaidi, kwenye sehemu za mkia zinazoongoza ndege. Dalili ni usukani mzito kwa upande mmoja, mtetemo mpya, au msaidizi aliye chini kutoiona ndoano ikining'inia. Kabla ya jaribio la kwanza, ndege ipite juu ya wasaidizi kwa kimo salama ili waithibitishe ndoano. Wasipoiona, hakuna kunyakua: ndege irudi kutua kama ilivyo, kwa mikono ya taratibu kwenye usukani. Kunyakua bango kwa ndoano iliyonasa kwenye gurudumu la mkia ni kuufunga mzigo mahali ambapo kifyatulio hakiwezi kuufungua.

Kifyatulio hakiachii

Rubani amevuta mkono wa kifyatulio, lakini mvutano haujapungua na msaidizi anasema bango bado lipo. Chanzo cha kawaida hapa kwetu ni vumbi. Udongo mwekundu na laini wa Dodoma huingia kwenye waya na kwenye taya za kifyatulio, hukutana na grisi, na kugeuka unga mgumu. Chanzo kingine ni waya uliolegea, au kamba iliyonasa mahali pengine kama ilivyoelezwa hapo juu.

Kinga yake ni jaribio la kifyatulio kila siku kabla ya kuruka, na jaribio hilo lifanyike kikiwa kimebeba uzito. Kifyatulio kinachofunguka kikiwa kitupu kinaweza kugoma kabisa kinapovutwa na kamba iliyokaza. Msaidizi aivute kamba kwa nguvu za mwili wake wote wakati rubani anafyatua kutoka kitini. Fundi wa ndege asafishe taya kwa brashi kavu, na grisi isitumike isipokuwa pale mtengenezaji anapoielekeza.

Kikigoma hewani, kwanza panda au baki kwenye kimo ulichonacho, kisha jaribu tena ukiwa umepunguza nguvu kidogo na kushusha pua ili kulegeza kamba. Ikishindikana, waarifu waongoza ndege mapema, na uombe njia ya kurukia iwe tupu. Kutua na bango kunawezekana, lakini ni lazima uje juu kuliko kawaida, kwa sababu bango linaning'inia nyuma na chini yako na linaweza kugusa uzio, gari au nyaya ambazo wewe umeshazivuka. Litakapogusa ardhi litakuvuta kama breki, kwa hiyo usiondoe nguvu ya injini hadi magurudumu yaguse.

Joto la oili na la silinda linapanda

Injini za ndege ndogo hupozwa na upepo wa mwendo. Inayovuta bango hutumia nguvu nyingi ikienda polepole, tena katika hewa nyepesi isiyobeba joto vizuri. Kwa injini ya Lycoming O-320, ya aina inayofungwa kwenye Super Cub, ukomo wa joto la kichwa cha silinda ni nyuzi 260 za Selsiasi na wa oili ni 118. Hizo ni namba za ukomo, na anayezikaribia kila safari anaikata injini maisha.

Hapa pana mvutano ambao rubani wa nyanda za juu lazima auelewe. Kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko huipa injini nguvu inayohitajika kupanda, lakini mafuta ya ziada husaidia kuipoza. Utaratibu unaofaa ni kuweka mchanganyiko wa nguvu wakati wa kunyakua na kupanda, kisha kuongeza mafuta kidogo ndege inapotulia kwenye kimo chake, huku macho yakiwa kwenye vipimo. Joto likiendelea kupanda, punguza nguvu na shuka polepole kuelekea mahali pa kudondoshea. Likipanda wakati shinikizo la oili linashuka, achia bango mara moja na utue. Baada ya kutua, fundi aangalie vibati vinavyoelekeza hewa kwenye silinda, na majani au viota vya ndege kwenye matundu ya hewa, ambavyo kiangazi huonekana mara kwa mara kwenye ndege zinazolazwa nje.

Injini inapoteza mizunguko au inakohoa

Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, barafu inaweza kujijenga ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hata siku ambayo rubani anatokwa jasho, kwa kuwa petroli inapogeuka mvuke hushusha joto la hewa kwa zaidi ya nyuzi 20. Dalili ni mizunguko kushuka taratibu bila mkono kugusa chochote. Vuta mkono wa joto la kabureta wote, uuache hivyo hata kama injini itakohoa kwa muda barafu inapoyeyuka. Kwa kuwa nguvu hupungua zaidi wakati huo, uwe tayari kuachia bango.

Nyakati nyingine chanzo ni mafuta yenyewe: maji kwenye tenki, au kuishiwa. Nguvu kubwa hunywa petroli kuliko safari ya kawaida, na hesabu iliyofanywa kwa safari ya Dodoma hadi Iringa haifai kwa saa mbili za kuzunguka. Akiba ya dakika 30, ambayo kanuni za kimataifa huitaka kwa safari ya mchana ya kuona kwa macho, ni ya chini mno kwa kazi hii; mimi ningeiweka saa nzima.

Bango linajiviringisha au linainama

Mara nyingi tatizo ni kupungua kwa uzito unaofungwa chini ya mhimili wa mbele, yaani fito inayolisimamisha bango, au hatamu, kamba zinazouunganisha mhimili na kamba kuu, zenye urefu usiolingana, au kizungushio, kiungo kinachozuia kamba kujisokota, kilichoganda kwa mchanga. Herufi iliyochanika huvuta upande na kuongeza ukinzani. Nailoni hudhoofishwa na jua, na jua la hapa halina huruma. Mbigili na miiba ya migunga hukata nyuzi za kamba bila kuonekana. Bango lilazwe juu ya turubai au ardhi iliyofagiwa, na kamba ipitishwe mkononi futi kwa futi kabla ya kila safari.

Hewa imechafuka

Kuanzia saa tano asubuhi katika miezi ya kiangazi, ardhi yenye joto hurusha hewa juu, na visulisuli vya vumbi hupita uwandani. Kisulisuli kikipita juu ya bango lililotandazwa hulibeba pamoja na milingoti, na kikipita wakati ndege iko futi ishirini hubadilisha upepo wa mbele kuwa wa nyuma ndani ya sekunde moja. Wasaidizi watazame upande unakotoka upepo, na mmoja wao awe na mamlaka ya kupunga bendera ya kusitisha bila kuuliza mtu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe asubuhi hiyo hiyo.

Suala hili linagongana na matakwa ya wateja, kwa kuwa mechi katika Uwanja wa Jamhuri huchezwa mchana na jioni, na kila mwenye tangazo anataka watu wamejaa. Naona ni haki kumweleza mteja tangu siku ya mkataba kwamba kunyakua hufanyika kabla ya saa nne asubuhi au jua likikaribia kutua, na kwamba idadi ya herufi zake itaamuliwa na joto la siku.

Bango linapaswa kuachiwa, na chini kuna watu

Bango linalodondoka lina mhimili, uzito na ndoano. Kanuni za kimataifa za Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, hutaka ndege juu ya mji au mkusanyiko wa watu iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kilicho ndani ya mita 600, na hukataza kuvuta kitu chochote isipokuwa kwa masharti ya mamlaka husika. Kwetu kibali hicho huombwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Nchini Marekani pia kifungu cha 91.311 cha kanuni zao hudai kibali maalumu kabla ya kuvuta bango. Katika jiji lenye Bunge, na lenye Ikulu jirani ya Chamwino, mtu asifikirie kuruka kwanza na kuomba baadaye.

Njia ya kwenda uwanjani ipangwe ili chini yake pawe na sehemu tupu zinazofuatana, hata kama mzunguko utakuwa mrefu. Uwanja uzungukwe kwa nje badala ya kupita juu ya majukwaa. Kwenye ramani ya rubani zichorwe kwa rangi nyekundu njia ya umeme wa msongo mkubwa inayotoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Singida, nyaya za kilovolti 25 za reli ya kisasa, na nguzo za kawaida za mitaani, kwa kuwa kamba ya bango ni ndefu na huzifikia nyaya ambazo magurudumu hayajazikaribia. Mahali pa kudondoshea paandaliwe mawili, moja kila upande wa mji, na kila mahali pawe na msaidizi mwenye redio ambaye huthibitisha kwamba hakuna watoto wala mifugo kabla rubani hajafyatua.